Risiti kwa Mwenye Nyumba

Mwezi wa kwanza Kiamunyi, tarehe tano,
nilikaa sebuleni nikisubiri hodi.
Miaka kumi na minne, kule Kivumbini,
tarehe tano ilikuwa na viatu:
vya Mama Nyakio, vikigonga saruji ya ua,
kitabu cha risiti kwapani, kalamu nyuma ya sikio.
Sasa hodi haikuja.
Nikacheka peke yangu, nikamwambia Jepkosgei:
kodi imekufa, tumeizika, lete chai.

Kumbe marehemu aliacha watoto.

Wa kwanza anaitwa Tokeni.
Tarakimu ishirini nazibonyeza kwa tochi ya simu,
nikikosea moja mita inanikemea;
mia tano inaingia, zinatoka uniti
za kuhesabu kwa vidole, vya mikono na vya miguu,
na pasi inakula chake kabla kola haijanyooka.

Wa pili ni Maji. Ya kisima kirefu huyataki
(sisi wa Nakuru tukicheka, meno hututaja kwao),
kwa hivyo kuna ya kuoga, kuna ya kunywa,
na kuna bili ya yale ambayo hayakuja,
maana mita huzunguka hata kwa upepo.

Wa tatu sitamtaja mezani.
Shimo lilijaa Aprili, mvua ilipokazana.
Gari la kunyonya likaja likinguruma kama mgeni wa heshima,
likaondoka na viatu vya shule vya Kimaiyo.

Na reti za kaunti, mara moja kwa mwaka
kama shangazi, na kama shangazi
hazikubali kulala chini.

Usiku mmoja bomba la jikoni likaanza:
to.
to.
Nikaamka na hasira ya zamani,
simu mkononi, namba ya Mama Nyakio
bado imeandikwa "Mwenye Nyumba".
Kidole kikasita.
Mwenye nyumba alikuwa amesimama gizani,
amevaa bukta,
analitazama bomba.

Nilimkuta duka la vifaa, kule Shabab,
sote wawili tunanunua mpira wa bomba.
"Wewe," akasema, "uliyeniandikia barua tatu
kwa ajili ya tone moja."
Sikuomba radhi. Nilimuuliza bei.
"Ishirini. Anayeuma ni fundi. Nunua spana."
Akahesabu chenji yake mara mbili, kisha:
"Na mwenye nyumba wako, unamlipa?"
"Sina mwenye nyumba siku hizi."
"Ndiyo maana bomba lako linavuja."

Tangu hapo, kila tarehe tano,
chai ikiisha, nafuta meza, nafungua daftari
la Kimaiyo la hesabu lililobaki kurasa.
Stima. Maji. Gesi, kama mtungi umekuwa mwepesi.
Kijana wa taka, ambaye hakopeshi.
Halafu kodi yangu kwangu:
elfu nne, au mia saba,
Januari ilikuwa shilingi tisini,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Jepkosgei ananikatia risiti kwa sauti ya ofisi:
"Imepokelewa kutoka kwa mpangaji.
Salio, unalijua mwenyewe."
Usipoziba ufa... naijua, niliifundisha darasa la sita,
lakini methali haikutaja bei ya saruji.

Juzi upepo wa Menengai uling'oa gata,
likaning'inia kama mkono uliovunjika.
Nikafungua kopo. Ndani mlikuwa na nusu ya fundi.
Nikaazima ngazi, nikapanda na hiyo nusu nyingine,
ambayo ni mimi.
Kutoka juu ya bati niliona ziwa lilivyonenepa,
nikawakumbuka watu wa Mwariki,
yalivyowaingilia maji hadi madirishani,
bila mita, bila bili,
nyumba walizokuwa wamezimaliza kulipia.

Nikakaza skrubu. Nikaikaza tena.
Kesho kutwa ni tarehe tano.